LOGIRI, NCHI YA MAWE MAKONGWE

Msafiri aendaye West Nile kutoka Kampala huvuka Mto Nile mara mbili. Mara ya kwanza ni Karuma, ambako maji hukimbia kwa ghadhabu baina ya majabali. Mara ya pili ni Pakwach, ambako mto uleule umetulia na kupanuka kama uwanja wa gwaride. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964 ikaishia hapo, na toka siku hizo hadi leo mzigo wa Arua hupandishwa kwa magari. Pale mtoni kimo ni yapata meta 620 juu ya usawa wa bahari. Arua ni yapata meta 1,200. Gari linapoanza kulia kwa kupanda, abiria hulaumu wingi wa magunia. Kwa hakika gari hilo linapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na kila kilomita inayopita linazidi kuingia katika ardhi iliyo kongwe kuliko karibu ardhi yote ya Uganda.

Baada ya Nebbi barabara hupita Ullepi, kituo kidogo ambacho wasafiri wengi hawakikumbuki wafikapo mwisho wa safari. Jina la kituo hicho limeandikwa katika vitabu vya wataalamu wa mawe vilivyochapishwa Ulaya. Mbele zaidi, kusini mwa mji wa Arua na si mbali na mpaka wa Kongo, ndiko iliko gombolola ya Logiri katika kaunti ya Vurra. Ni nchi ya mashamba ya mhogo, mtama na maharagwe, na kati ya mashamba hayo mawe yamejitokeza kila mahali: mengine makubwa kama nyumba, mengine bapa kama mkeka uliotandikwa, ambayo akina mama huanikia udaga juu yake. Upande wa magharibi ardhi huinuka hadi mgongo unaogawanya maji. Tone la mvua liangukalo upande huu hushuka hadi Nile na kuishia Bahari ya Kati; jirani yake aliyeanguka upande wa pili huishia Bahari ya Atlantiki. Watu waliochora mipaka ya dola walipendezwa na mgongo huo, wakaufanya mpaka.

MAWE YA JIKONI

Hakuna mtu wa Logiri anayehitaji kufundishwa kwamba mawe hayafanani. Mama anayetafuta jiwe la kusagia halichukui la kwanza alionalo. Huligonga kwa jiwe jingine na kusikiliza. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka huliacha, maana ndani lina ufa au limeanza kuoza, na chembe zake zitaingia katika unga. Likilia kama chuma huligeuza, akatazama kama chembe zake ni ndogo na zimeshikana, ndipo anapoita vijana wambebee. Jiwe jema la kusagia hurithiwa na binti au mkaza mwana, na hudumu kuliko nyumba.

Hata mafiga matatu yana elimu yake. Jiwe lililotoka mtoni halifai kutiwa motoni siku hiyohiyo, kwani maji yaliyojificha katika nyufa zake hugeuka mvuke na kulipasua kwa kishindo. Kipande kimoja chaweza kumtoa mtoto jicho. Familia za askari zinazohamia kambi mpya na kuokota mafiga popote zingefanya vyema kukumbuka jambo hili. Mawe ya mtoni yaachwe juani siku nyingi kwanza, au, bora zaidi, yachukuliwe yale ya shambani yaliyokauka zamani.

Wazee nao wana historia yao ya milima. Walugbara husimulia habari za mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao koo nyingi hujihesabu kuwa uzao wao. Inasemekana Jaki alifia katika Mlima Liru, ulioko Koboko, na Dribidu katika Mlima Wati, ulioko Terego. Milima hiyo miwili huonekana kutoka mbali, na mtu aliyepotea njia porini huitumia kama askari atumiavyo dira. Kadhalika wenye kazi ya kuomba mvua, Walugbara na Wakakwa pia, walikuwa na mawe yao yaliyohifadhiwa kwa siri ndani ya vyungu. Basi wageni wenye nyundo walipokuja kuuliza habari za mawe, walikuta watu ambao kwao jiwe halikuwa kitu cha kudharauliwa.

WATU WA ENTEBBE

West Nile haikuwa sehemu ya Uganda tangu mwanzo. Ilikuwa ndani ya eneo la Lado alilokodishwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Leopold alifariki Desemba 1909, mwaka uliofuata eneo likarudi mikononi mwa Sudan, na sehemu yake ya kusini ikatiwa katika Uganda mwaka 1914. Miaka mitano tu baadaye, yaani 1919, serikali ya kikoloni ilianzisha idara ya upimaji wa jiolojia mjini Entebbe. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Bw. E. J. Wayland, aliyepata kufanya kazi ya madini huko Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka.

Idara hiyo ilikuwa ndogo mno. Wazungu wachache wenye shahada, makarani, na wapagazi waliobeba hema, masanduku na vipande vya mawe kwa miguu mwezi baada ya mwezi. Vitabu vimehifadhi majina ya wale waliotia sahihi kwenye ripoti. Waliojua mahali kijito kilipo, wilaya ipi ina njaa na jiwe lipi limejificha nyuma ya kichaka hawakuandikwa, ingawa bila wao hakuna ripoti ambayo ingeandikwa. Hili ni deni ambalo halijalipwa.

Wayland alikuwa mtu wa kudadisi kila kitu. Mwaka 1920 aliokota zana za mawe za watu wa kale katika Ghuba ya Sango, kandokando ya Ziwa Victoria, na aina hiyo ya zana ikapewa jina la ghuba hiyo duniani kote. Mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya petroli katika Uganda, akiorodhesha mahali 52 ambapo mafuta huvuja yenyewe ardhini. Wengi hawakujali. Ilipofika 2006, mafuta ya kutosha kwa biashara yalipothibitishwa huko Bunyoro, kitabu chake kilikuwa kimengoja miaka 81. Upande wa West Nile bahati ilikuwa tofauti: visima vitatu vya kutafuta mafuta vilivyochimbwa katika bonde la Rhino Camp kati ya 2009 na 2012 havikutoa kitu.

Watu wa idara hiyo hawakupenda elimu yao ifungiwe kabatini. Mwaka 1923 kiliundwa Entebbe chama cha fasihi na sayansi, ambacho mnamo 1933 kiligeuka kuwa Uganda Society, na kuanzia 1934 kikawa na jarida lake, Uganda Journal. Humo mpimaji wa mawe, daktari, mmisionari na afisa wa wilaya waliandika waliyoyaona, na Wayland alikuwa miongoni mwao. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi kilikuwa chama cha wakubwa, na mwananchi wa kawaida hakuwa na kiti hapo. Hata hivyo mtu anayetaka kujua Uganda ilivyokuwa katika miaka ya 1930 bado hulazimika kufungua kurasa zake.

JIWE LENYE JINA LA MAREHEMU

Mawe ya West Nile yalivuka bahari. Mwaka 1935 A. W. Groves alichapisha katika jarida la Chama cha Jiolojia cha London, chama kilichoanzishwa 1807, maelezo marefu juu ya mawe ya Uganda yaitwayo chanokaiti. Ni mawe mazito, meusimeusi, yenye kung'aa kama yaliyopakwa mafuta, na yanapatikana kwa wingi upande huu wa kusini mwa West Nile.

Jina la jiwe hilo lina kisa chake. Huko Calcutta, India, kuna kaburi la Mwingereza Job Charnock, wakala wa kampuni ya biashara, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1893 mtaalamu Thomas Holland alilichunguza jiwe lililowekwa juu ya kaburi hilo, akaona ni la aina ambayo haikuwa na jina. Akaliita kwa jina la marehemu. Hivyo ndivyo mama wa Logiri anayesaga mtama juu ya jiwe jeusi anavyotumia, pasipo kujua, jiwe lenye jina la mfanyabiashara aliyezikwa India zaidi ya miaka 300 iliyopita. Kama Holland angezaliwa Vurra, huenda jiwe hilo lingekuwa na jina la Kilugbara, na wanafunzi wa Calcutta ndio wangetaabika kulitamka.

Lakini Walugbara nao wamepata fungu lao. Katika miaka ya 1950 na 1960 mwanajiolojia J. V. Hepworth alifanya kazi ya kuchunguza West Nile kwa nyundo na pia kwa picha zilizopigwa kutoka ndege. Askari aliyefundishwa kusoma ramani ataelewa faida yake. Picha mbili za mahali pamoja, zikitazamwa kwa miwani maalumu, huinua vilima kutoka kwenye karatasi. Hepworth aliona kwamba mawe ya nchi hii yamekunjwa kama blanketi, kisha yakakunjwa tena kwa mwelekeo mwingine, na tena. Mwaka 1966 yeye na R. Macdonald walitangaza katika jarida la Nature mpangilio wa mikunjo hiyo. Ule wa zamani kabisa waliuita kwa jina la Mlima Wati, na unaoufuata kwa jina la Arua. Tangu hapo, mtaalamu wa Kanada au Australia anayeandika juu ya ardhi ya kale ya Afrika hulitaja jina la mlima aliofia Dribidu.

Umri wenyewe ulipimwa baadaye. Mwaka 1974 P. J. Leggo alichapisha London hesabu zake, zilizotokana na namna madini fulani ndani ya jiwe yanavyobadilika polepole kwa kiasi kinachojulikana. Mawe ya kipindi cha Wati yalionekana kuwa na umri wa takriban miaka milioni 2,900.

Akili ya binadamu haiwezi kuishika hesabu hiyo pasipo msaada. Tuseme kila mwaka ni hatua moja ya gwaride, sentimeta 75. Kutoka kuzaliwa kwa Nabii Isa hadi leo ni hatua kama elfu mbili, yaani kilomita moja na nusu. Hata kuruta wa juma la kwanza atazimaliza bila kuhema. Ili kufika siku mawe ya Wati yalipopikwa, kikosi kitatembea zaidi ya kilomita milioni mbili, sawa na kuizunguka dunia yote mara 54. Wakati huo hapakuwa na mti, samaki wala mdudu. Ndiyo maana hakuna mifupa ndani ya mawe haya, na mtoto anayetafuta konokono wa kale ndani yake anapoteza muda wake.

Neno kupikwa si la mzaha. Mawe hayo yalikaa chini sana, kilomita 20 na zaidi, katika joto la nyuzi zaidi ya 700. Hayakuyeyuka yote; yalilainika na kujipanga upya, chembe nyeupe zikienda na nyeupe, nyeusi na nyeusi, kama unga wa mhogo na wa mtama usiochanganywa vizuri katika sufuria ya ugali. Mistari myeupe na myeusi ionekanayo katika mawe ya njiani, yale yaitwayo naisi, ni alama ya mwiko huo. Kisha, kwa muda usiohesabika, mvua na upepo viliondoa kilomita zote zilizokuwa juu yake. Anayesimama leo juu ya jabali la Logiri amesimama chini ya jiko.

KAZI ILIYOKATIKA

Makerere ilianza kufundisha jiolojia mwishoni mwa miaka ya 1960, na ilitarajiwa kwamba vijana wa Uganda wangepokea nyundo kutoka kwa wageni. Miaka ya 1970 haikuwa rafiki wa kazi hiyo. Vipuri, mafuta ya magari na kemikali za maabara vilikuwa adimu, na wataalamu wengi waliondoka. Vita vya 1979 na machafuko yaliyofuata viliwafukuza maelfu ya wakazi wa West Nile kuelekea Sudan na Zaire. Wengi waliishi ukimbizini miaka mingi, na waliporudi walikuta vichaka mahali palipokuwa na nyumba. Mawe ya kusagia yalikuwa palepale, kwani hakuna mporaji anayebeba jiwe, na katika vichaka hivyo jiwe la mama au mafiga yake vilikuwa miongoni mwa alama chache za kumwonyesha mtu ulipokuwa ua wa wazazi wake.

Kazi kubwa ya kupima nchi upya ilifanyika kati ya 2003 na 2012, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wahisani wengine. Ndege ziliruka chini kwa chini juu ya takriban asilimia 80 ya Uganda, Karamoja ikiachwa kwa sababu za usalama, zikipima nguvu ya sumaku na mnururisho utokao ardhini. Wataalamu wa Finland wakishirikiana na wa Entebbe walitembea na kukusanya mawe, na mwaka 2014 kitabu cha jiolojia ya Uganda yote kikachapishwa pamoja na ramani mpya. Katika ramani hiyo mawe ya Ullepi yametajwa kuwa miongoni mwa yaliyo ya kale kabisa nchini.

MAJI

Mtu wa Logiri ana haki ya kuuliza: umri wa miaka milioni 2,900 unamjazia dumu gani? Swali ni la haki, na jawabu lipo.

Kiangazi cha West Nile huanza Desemba na kuendelea hadi Machi. Visima vya kuchimbwa kwa mkono hukauka kimoja kimoja, na foleni kwenye vile vilivyobaki huanza alfajiri. Ugomvi wa akina mama penye foleni ni jambo linalofahamika katika kila kituo cha polisi, kambi za familia zikiwemo. Sababu iko chini ya miguu yao. Jabali la naisi lenyewe halina nafasi ya kuweka maji. Ni kama bilauri iliyogeuzwa. Maji hukaa mahali pawili tu. Kwanza ni katika tabaka la juu, ambako mwamba umeoza ukawa mchanga na udongo. Hapo hunywewa kama na sifongo, lakini tabaka hilo ni jembamba katika vilima na kiangazi hulikausha. Pili ni katika nyufa za jabali, meta 40, 60 au 80 kwenda chini. Mashine ikichimba pembeni mwa ufa kwa meta chache tu, hutoka vumbi. Na kisima cha vumbi hugharimu karibu sawa na cha maji.

Hapo ndipo elimu ya kina Hepworth inapoingia kijijini. Nyufa zile zile zilizoonekana katika picha za ndege, kama mistari iliyonyooka ya miti ya kijani au vijito vinavyopinda ghafla kama vimepigwa rula, ndizo njia za maji. Mwanajiolojia hufika mahali hapo, akapigilia vigingi vya chuma katika mstari, akapitisha umeme kidogo ardhini. Jabali kavu huukataa umeme. Mwamba uliooza na wenye maji huupitisha. Baada ya kusogeza vigingi mara nyingi, husema: chimbeni hapa, wala si pale chini ya mwembe wa mwenyekiti. Mara nyingi kijiji humchukia kwa siku hiyo. Visima vingi vilivyokauka mapema ni vile vilivyochimbwa chini ya mwembe wa mwenyekiti.

Jambo hili lilionekana waziwazi mwaka 2016, vita vya Sudan Kusini vilipoleta wakimbizi. Kambi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka huo, na baada ya miezi michache ilikuwa na watu zaidi ya 270,000, juu ya ardhi ambayo awali ilikuwa na vijiji vichache. Malori ya maji yalikuja na kwenda mchana na usiku kwa gharama kubwa. Kilichopunguza malori hayo ni visima virefu vilivyolengwa penye nyufa na kufungiwa pampu za jua.

Kisima kikishapatikana, kina taabu zake. Maji ya sehemu nyingi za nchi hii yana uchachu kidogo, nayo hula mabomba ya chuma. Asubuhi pampu hutoa maji mekundu. Chai hugeuka nyeusi, mashati meupe ya shule huwa kama yaliyochovywa katika kutu, na watu hurudi kwenye kijito kichafu wakiamini kisima kimelogwa. Hakuna uchawi. Dawa ya kudumu ni kubadili mabomba yawe ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu, na kamati ya maji idai hivyo. Wakati wa kungoja, mama wa nyumba aweza kumimina maji katika beseni pana, ayaache usiku kucha, kisha asubuhi ayachuje polepole kwa kitambaa safi bila kuvuruga chini. Kutu nyingi hubaki chini. Ya kunywa yachemshwe kama kawaida, na nguo nyeupe zingojee maji ya mvua. Choo kisichimbwe karibu ya meta 30 na kisima, wala upande wa juu wake, kwa maana ufa unaoleta maji haubagui unacholeta.

DHAHABU YA JIRANI

Hakuna mazungumzo ya mawe katika Arua au Koboko yanayomalizika bila dhahabu. Mwaka 1903 watafuta madini wawili waliokota dhahabu katika kijito cha Agola, upande wa Kongo, na kutoka hapo yakakua machimbo mashuhuri ya Kilo na Moto. Katika eneo la Moto mgodi mkubwa wa Kibali ulitoa dhahabu yake ya kwanza Septemba 2013. Kibali si mbali na mpaka, na kijana wa Koboko hujiuliza kwa nini utajiri uishie kwenye mstari wa ramani.

Utajiri haukuishia kwenye mstari wa ramani. Uliishia mahali mawe yanapobadilika. Dhahabu ya Moto imo katika ukanda wa mawe ya kijani yaliyotokana na volkano za kale, ambayo hayakuzama chini sana. Upande wa kaskazini ukanda huo umepakana na naisi, ambayo wataalamu huiita naisi ya West Nile. Mawe yaliyopikwa kilomita 20 chini, kama ya Logiri, kwa kawaida si makazi mazuri ya dhahabu. Chembe chache zaweza kuonekana katika mchanga wa mito, lakini mto unaong'aa si lazima uwe na dhahabu. Kinachong'aa aghalabu ni ulanga.

Hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Askari aliyestaafu na kiinua mgongo chake mfukoni hukutana na mtu mwenye chupa ya unga wa manjano na hadithi ya mjomba aliye Durba. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, achukue nyundo. Dhahabu ikigongwa hubonyea na kutandazika, haivunjiki. Ulanga huchanika karatasi karatasi. Jiwe liitwalo dhahabu ya wajinga husagika likawa unga mweusi, na hutoa harufu ya kiberiti. Mwenye chupa akikataa nyundo, biashara imekwisha. Tena sheria ya madini ya mwaka 2022 inataka kibali kwa anayechimba na anayeuza, na polisi wa mpakani wanaijua.

Utajiri ulio wazi katika Arua ni wa jasho: kokoto. Kandokando ya mji akina mama na watoto huketi chini ya vivuli vya magunia wakipasua naisi kwa nyundo, rundo baada ya rundo, kwa ajili ya nyumba na barabara. Vumbi lake lina chembe ngumu za jiwe jeupe ambazo zikiingia mapafuni hazitoki. Kulowesha jiwe kabla ya kulipiga, kufunga kitambaa puani na kuwaweka watoto wachanga mbali upande upepo unakotoka ni mambo yasiyo na gharama. Miwani ya kazi ina gharama, lakini ni ndogo kuliko jicho.

SIKU MASHINE INAPOFIKA

Mashine ya kuchimba kisima inapofika katika vilima vya Vurra, shule hukosa wanafunzi. Mtungi wa hewa hunguruma, na kutoka katika shimo hupanda kwanza vumbi jekundu la moramu, lile lile ambalo askari hulitukana anapochimba handaki. Kisha udongo wa manjano, kisha mchanga mweupe wa mwamba uliooza, halafu unga wa kijivu wa jabali lenyewe. Kila baada ya meta moja kijana hukinga unga huo kwa karai na kuuweka chini kwa mstari, fungu baada ya fungu, kama vibanda vya sokoni. Watoto huiba ulanga. Mwanajiolojia huinama, akasugua kila fungu kwa kidole, akaandika: meta 31, meta 32, rangi gani, ngumu au laini, kavu au mbichi.

Daftari hilo ni mali kubwa. Nakala yake hupelekwa Entebbe, ambako kumbukumbu za maji ya ardhini za nchi nzima hutunzwa, katika mji ule ule alikoanzia Wayland mwaka 1919. Kijiji chapaswa kupewa nakala yake, nacho kiihifadhi pamoja na hati za ardhi. Pampu itakapokufa miaka 15 baadaye, fundi atajua ufa uko meta ya ngapi na hatatoza fedha za kubahatisha. Vijiji vingi havijaomba, na wachimbaji wengi hawatoi wasipoombwa.

Ufa unapofikiwa, sauti ya mashine hubadilika kabla ya kitu chochote kuonekana. Wazee hunyamaza. Maji ya kwanza huja mazito kama uji wa mtama, na hakuna anayeyagusa. Huachwa yatiririke saa kadhaa, yakipimwa kwa pipa na saa ya mkononi, huku madumu ya manjano yakiwa tayari yamepangwa foleni na wenyewe wameketi juu ya mawe, wakiyatazama maji yakitakata.